Jinsi ya Kusoma Historia ya Ujenzi wa Ngome Iliyozungukwa na Maji

Mwongozo huu umeandikwa Tabora, kwa ajili ya mwalimu wa historia, mwanafunzi wa uchoraji wa majengo, au mtu yeyote anayependa majengo ya kale ambaye hana nauli ya kwenda Uingereza lakini ana ramani, picha na jioni mbili tatu za utulivu. Kusoma historia ya ujenzi wa ngome ni kutambua kipi kilijengwa kwanza, kipi kiliongezwa, kipi kilibomolewa na kipi kimetengenezwa karne za karibuni kwa kufuatisha cha kale, kisha kueleza sababu ya kila badiliko. Kazi hiyo inawezekana hata kwa mtu asiye mhandisi, mradi awe na subira ya kuuuliza kila ukuta kama ulisimama kabla au baada ya jirani yake.

Ngome ya kujifunzia niliyoichagua ni Bodiam, iliyoko Sussex, kusini-mashariki mwa Uingereza, ambayo kibali chake cha ujenzi kilitolewa mwaka 1385. Handaki lake bado lina maji, kuta zake za nje zimesimama karibu kimo chake chote, na sehemu kubwa ya jengo ilipandishwa kwa mkupuo mmoja. Anayeanza na ngome iliyojengwa na vizazi vingi hupotea mapema; ni heri kuijua kwanza ngome iliyotoka katika fikra moja, ndipo aziendee zile zilizorundikana.

Chora ramani kwa mkono wako

Tafuta ramani ya sakafu ya ngome, yaani ile inayoonyesha kuta kama zilivyokatwa kwa usawa wa ardhi, uiweke mbele yako na kuichora upya kwenye karatasi ya miraba. Usiridhike na kuichapisha. Mkono unapofuata kona na unene wa ukuta, jicho huanza kuuliza mambo ambayo lisingeyauliza kwa kutazama tu. Kando ya ramani weka picha ya setilaiti ya eneo lenyewe, uandike upande wa kaskazini na uelekeo ambao ardhi inateremkia.

Ukimaliza kuchora Bodiam utaona mstatili wenye ua katikati. Kila kona ina mnara wa mviringo, na katikati ya pande umesimama mnara wa mraba. Lango kuu linatazama kaskazini na lango dogo la nyuma linatazama kusini. Hakuna mnara mkubwa wa kukimbilia katikati, ule uliokuwa mtindo wa ngome za Kiingereza za karne ya 12. Vyumba vyote vimeegemea ukuta wa nje na kufungua milango yake kuelekea uani.

Hapo msomaji wa Tabora ana faida ambayo wengi hawana, kwa sababu mpangilio huo tunao nyumbani. Nenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye nyumba ya tembe walimokaa Stanley na Livingstone mwaka 1872, kabla ya Livingstone kuondoka mwezi Agosti kuelekea kusini, safari ambayo hakurudi. Zunguka nje kwanza. Ukuta mnene wa udongo hausemi mengi. Unakupa mlango, kisha unanyamaza. Ingia ndani ndipo uone kwamba uhai wote wa nyumba umegeukia ndani, na kwamba mwenye kusimama mahali pamoja anaweza kuona nani ametoka chumba kipi. Hakuna undugu kati ya fundi wa Unyanyembe na fundi wa Sussex. Kilichowafikisha pamoja ni haja ileile ya kutaka ukuta mmoja ufanye kazi mbili, ya kuzuia wa nje na kubeba paa la wa ndani. Mwanafunzi aliyeichora nyumba ya Kwihara kwa hatua zake mwenyewe huielewa ramani ya Bodiam kwa dakika chache.

Anza na maji

Watu wengi huanza na minara, kwa kuwa minara ndiyo inayopendeza pichani. Mimi nasisitiza uanze na maji, kwa sababu handaki ni sehemu ya jengo sawasawa na ukuta, na mara nyingi ndilo lililoamua ngome ikae wapi. Jiulize maji yanaingia wapi, yanazuiwa na nini na yanatokea wapi. Bila majibu hayo, usigeukie mawe.

Huko Bodiam maji yanatoka kwenye chemchemi, na baadhi yake zinabubujika ndani ya handaki lenyewe. Ngome imekaa juu ya mteremko unaoshukia bonde la mto Rother, kwa hiyo upande wa bondeni maji hayawezi kusimama yenyewe. Yanazuiwa na tuta la udongo. Mkulima wa mpunga katika mbuga zetu anayajua haya bila kufundishwa darasani. Jaruba hushika maji kwa sababu ya udongo wa mfinyanzi ulio chini na tuta lililo pembeni, na anayetaka kumkomoa mwenye jaruba hana haja ya silaha. Anakuja usiku na jembe, anakata tuta upande wa chini, na asubuhi shamba ni kavu. Ukilitazama handaki la Bodiam kwa macho ya mwenye jaruba, utaelewa mjadala mkubwa uliopo kati ya wataalamu wa ngome hiyo. Wapo wanaoiona kuwa ni ngome ya vita kwelikweli, na wapo wanaosema kwamba handaki lisilo na kina kikubwa, ambalo vibarua wenye majembe wangeweza kulikausha, lilikusudiwa zaidi kuonyesha hadhi ya mwenyewe na kuifanya nyumba yake ionekane kubwa kuliko ilivyo, ikiwa imesimama juu ya kivuli chake majini. Mimi naona yote mawili yalikuwamo katika nia ya mjenzi, ila tuta lile linanifanya niegemee upande wa hadhi.

Linganisha na Kenilworth, katikati ya Uingereza, ambako mwanzoni mwa karne ya 13 Mfalme John aliimarisha kuta na maji ya vijito yakazuiwa kwa ukingo mkubwa hadi yakatanda kuwa ziwa upande wa kusini na magharibi. Mkazi wa Tabora anayelijua Bwawa la Igombe anaweza kuliwazia ziwa hilo, lenye tuta moja kwenye bonde na maji yanayotanda nyuma yake. Mwaka 1266 jeshi la Mfalme Henry wa Tatu lilizingira Kenilworth kwa takriban miezi sita, na waliokuwa ndani walisalimu amri kwa njaa na maradhi. Ukuta haukuwa umevunjwa. Maji yale yalikuwa na kazi.

Kazi yenyewe haikuwa tu kumzuia mtu asiogelee. Tazama ngome ya Rochester, ambayo mnara wake mkubwa ulijengwa bila kuzungukwa na ziwa la namna hiyo. Mwaka 1215 Mfalme John, akiwa ameizingira, aliamuru apelekewe nguruwe 40 walionona. Mafundi wake walichimba chini ya kona ya mnara, wakaishikilia kwa magogo, kisha wakayachoma kwa mafuta ya nguruwe hao, na kona ikaporomoka. Ilipojengwa tena haikufanywa ya mraba kama wenzake, ikafanywa mviringo, na hadi leo mnara ule una kona tatu za namna moja na ya nne ya namna nyingine. Shimo la namna ile haliwezi kuchimbwa chini ya handaki lililojaa maji bila kufurika. Kwa hiyo unapokuta kwenye ramani kona isiyofanana na nyingine, simama hapo. Mara nyingi pana tukio.

Kwetu handaki la maji halikuwa na nafasi, kwa kuwa kiangazi cha Unyamwezi ni kirefu na kikali. Vijiji vilivyojihami katika karne ya 19 vilitegemea ua wa magogo, ukuta wa udongo, handaki kavu, na mara nyingi uzio wa minyaa, ambayo utomvu wake ukiingia machoni mtu hawezi kuendelea na alilolijia. Kumbuka hilo ili usidhani kwamba maji ndiyo sifa ya ngome. Maji ni jibu la nchi yenye mvua kwa swali ambalo kila nchi imelijibu kwa ilichokuwa nacho.

Tafuta mshono

Sasa njoo kwenye kuta. Alama iliyo muhimu kuliko zote ni mshono wima, na njia bora ya kujifunza kuutambua ni kuutazama mtaani.

Iko nyumba moja mtaani Ng'ambo, hapa Tabora, ninayoipita karibu kila siku. Kwenye ukuta wake wa ubavuni pana ufa mwembamba unaoanzia kwenye msingi na kupanda hadi kwenye bati, wima kama uliopigwa timazi. Lipu imebanduka kando ya ufa kwa upana wa kiganja, kwa hiyo matofali yanaonekana. Kushoto ni makubwa, yamejengewa kwa udongo, na kingo zake zimelika. Kulia ni madogo, yamejengewa kwa saruji, na mistari yake haikutani na ile ya kushoto hata mahali pamoja. Fundi anayepandisha ukuta kwa mara moja hupishanisha matofali ili yafungane, lakini anayeongeza chumba baadaye huegemeza ukuta mpya kwenye ule wa zamani, na misingi miwili iliyochimbwa kwa nyakati tofauti hutitia kila mmoja kwa kiasi chake. Ufa haukwepeki. Nilipomuuliza mama mwenye nyumba akasema, "Hivyo viwili vya huku, mwalimu, tuliviongeza kaka yao mkubwa alipooa." Ukuta ulikuwa umeshasema.

Ngome inasomwa vivyo hivyo. Pale ukuta wa mawe unapogusa mwingine bila mawe yao kushikana, ule ulioegemea ndio mdogo kwa umri. Ukikuta chokaa ya nje au dirisha lililozibwa nyuma ya ukuta mwingine, ujue lililofichwa ni la kwanza. Kule Bodiam mishono ya namna hiyo ni michache kati ya kuta za nje na minara, na uchache huo wenyewe ni ushahidi kwamba kazi ilifanywa kwa mkupuo mmoja. Kenilworth ni kinyume chake. Humo umesimama mnara wa karne ya 12, ukumbi uliojengwa na John wa Gaunt katika karne ya 14, na jengo la fahari la karne ya 16 lililojengwa na Robert Dudley, na kazi yako ni kutafuta mahali ambapo kila mmoja wao alianzia alipoachia mwenzake.

Baada ya mishono, hesabu matundu. Matundu madogo ya mraba yaliyopangwa kwa mistari ya usawa kwenye uso wa ukuta kwa kawaida ni ya mirunda ya jukwaa la mafundi, na yanaonyesha jinsi ukuta ulivyopanda hatua kwa hatua. Matundu makubwa zaidi, yaliyo upande wa ndani tu, yalibeba boriti za sakafu ya juu. Usiyachanganye, kwa sababu ya kwanza yanakueleza wiki za ujenzi na ya pili yanakueleza maisha ya wakazi. Ukiona meko yamening'inia ukutani bila sakafu chini yake, hapo palikuwa na chumba cha ghorofani ambacho sakafu yake imeoza au kuchomwa. Ndani ya Bodiam, ambako kuta nyingi za vyumba zimetoweka, meko na matundu ya boriti ndiyo yanayotuwezesha kurudisha vyumba mahali pake.

Upande wa kusini wa ua wake pamebaki matao matatu yaliyosimama pamoja. Hayo hayakuwa mapambo. Yalitoka kwenye ukumbi mkubwa wa kulia na kuelekea jikoni na kwenye stoo mbili, ya mikate na ya vinywaji. Ukishajua kwamba nyumba kubwa za Kiingereza za wakati huo zilipenda mpangilio huo wa milango mitatu, unaweza kutambua ukumbi ulikuwa wapi hata pale ukumbi wenyewe usipokuwapo.

Usione haya kutafuta vyoo. Bodiam ilikuwa navyo vipatavyo 28, vilivyochongwa ndani ya kuta na kumwaga moja kwa moja kwenye handaki, na midomo yake inaonekana kwa nje. Kila mdomo unakuambia kwamba juu yake paliishi mtu mwenye hadhi ya kuwa na choo karibu na kitanda. Unakuambia pia kwamba maji yale mazuri ya pichani yalikuwa karo la wazi.

Madirisha na matundu ya silaha

Upinde wa juu ya dirisha husaidia kukadiria umri. Kwa Uingereza, upinde wa nusu duara kwa kawaida ni wa kabla ya mwisho wa karne ya 12, uliochongoka hufuata, na ule uliobonyea karibu kuwa bapa ni wa karne ya 15 na 16. Usikadirie kwa dirisha moja, maana dirisha hubadilishwa kirahisi kuliko ukuta. Chunguza mawe yanayolizunguka. Yakiwa yamevunjwavunjwa na kujazwa vipande, dirisha lilipachikwa baadaye.

Matundu ya silaha ni shahidi mzuri zaidi. Kwenye jengo la lango kuu la Bodiam yapo matundu yenye umbo la tundu la funguo, duara chini na mpasuo juu yake. Duara ni la mdomo wa bunduki na mpasuo ni wa kulengea. Ngome ya karne ya 12 isingekuwa nayo tangu awali. Yanakubaliana vizuri na 1385, wakati baruti ilipokuwa imeanza kushika nafasi yake katika vita vya Ulaya.

Leta hati, uzipime kwa ardhi

Tarehe 20 Oktoba 1385 Mfalme Richard wa Pili alimpa Edward Dalyngrigge kibali cha kuizungushia nyumba yake ya Bodiam ukuta wa mawe na chokaa wenye meno ya kujikinga, kwa ajili ya kuilinda nchi ya jirani na kuwazuia maadui. Sababu ilikuwapo, kwa kuwa Wafaransa waliushambulia mji wa Rye mwaka 1377 na Winchelsea mwaka 1380, miji ya pwani isiyo mbali na hapo. Lakini soma hati huku ukiitazama ardhi. Kibali kinazungumzia kuimarisha nyumba iliyokuwapo. Dalyngrigge aliiacha nyumba hiyo na kujenga upya kabisa mahali pengine. Hati inaeleza kilichoruhusiwa, na kwa kilichofanyika utauliza mawe.

Juu ya lango kuu zimechongwa ngao za ukoo wake na za ukoo wa mkewe, ambaye kupitia kwake alipata ardhi ile, na juu ya lango la nyuma ipo ya Robert Knolles, kamanda ambaye Dalyngrigge alipigana chini yake Ufaransa. Ngao zilizojengewa ndani ya ukuta ni hati pia, na zina ubora mmoja: haziwezi kuwa za zamani kuliko ndoa na vita vilivyozileta. Andika majina, tafuta miaka, nawe utakuwa na kikomo cha umri wa ukuta.

Tabora tuna mfano wa kinyume, ambapo hati zimebaki na jengo limetoweka. Ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, yenye kuta nene za udongo, iliangushwa na Wajerumani mwezi Januari 1893, naye akalipua ghala la baruti akiwa ndani kuliko kukamatwa. Anayeitafiti ngome hiyo anategemea maandishi, na mengi kati yake yaliandikwa na walioivunja. Ni lazima ajue alikosimama mwandishi kabla ya kuamini alichokiona.

Tenga mikono ya baadaye

Hakuna ngome ya kale inayotufikia kama ilivyoachwa na mafundi wake. Bodiam iliharibiwa ndani katika karne ya 17, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza na baada yake. John Fuller aliinunua mwaka 1829 ili isibomolewe, George Cubitt akaichukua baadaye, na mwaka 1917 ikawa mali ya Lord Curzon, ambaye alikausha handaki, akafukua na kukarabati kuta, kisha akaiachia taasisi ya National Trust alipofariki mwaka 1925. Kila mmoja wao ameacha mawe yake ukutani.

Kosa ambalo mgeni hulifanya kwa urahisi ni kuamini daraja. Leo mtu huvuka moja kwa moja kutoka kaskazini hadi langoni. Zamani daraja lilitoka ukingo wa magharibi, likafika kwenye kisiwa kidogo chenye pembe nane, ndipo njia ikakata kulia kuelekea lango. Maana yake ni kwamba mgeni alitembea muda mrefu akiwa ameigeuzia ngome ubavu wake wa kulia, upande usio na ngao. Ukichora daraja la leo kama la 1385, utakuwa umeifuta nusu ya hekima ya mjenzi.

Kwa Caerphilly, huko Wales, iliyoanzishwa na Gilbert de Clare mwaka 1268, tahadhari iwe kubwa zaidi, kwa sababu sehemu nyingi zilijengwa upya kati ya 1928 na 1939 na maziwa yake yalijazwa tena katika miaka ya 1950. Ubaya haupo, ila mwanafunzi asiyejua atasifu kazi ya karne ya 20 akidhani ni ya karne ya 13. Na Beaumaris, pia huko Wales, iliyoanzwa mwaka 1295 chini ya fundi mkuu James wa Saint George, ina minara mifupi kwa sababu haikumalizwa. Ukuta uliovunjwa huacha kingo zilizochongokachongoka. Uliosimamishwa kwa kukosa fedha huishia kwenye mstari wa usawa.

Andika matokeo

Chukua ramani yako na rangi tatu au nne za penseli. Paka kila kipindi rangi yake, na palipo na shaka uache mistari mitupu badala ya kujaza. Chini yake andika orodha ya matukio kwa mpangilio wa miaka, na mbele ya kila tukio uandike ushahidi wako: mshono, tundu, ngao au hati. Tukio lisilo na ushahidi liondoe, hata kama linapendeza.

Kwa mazoezi, usiende kwenye Boma la Wajerumani ukiwa na kamera na futikamba. Eneo hilo ni la jeshi. Nenda Kwihara, umwombe ruhusa mtunzaji, umweleze unachotaka kupima. Jengo lile nalo limepitia mikono ya watengenezaji, kwa hiyo anzia ubavuni au nyuma, ambako mvua hubandua lipu mapema na hakuna mtu mwenye haraka ya kuirudishia.